HATI NZURI HUANZA KABLA YA PENSELI

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Wahenga walinena, samaki mkunje angali mbichi. Methali hii tumeitia katika insha mara nyingi hata imechakaa kama noti ya shilingi hamsini. Hata hivyo, ndugu msomaji, naomba niitumie tena leo, maana nataka kuongeza neno moja tu: kumkunja samaki si kumvunja. Makala haya yanahusu hati za watoto wadogo, wale wadogo zetu walio katika chekechea na gredi za kwanza. Wengi wao hawakunjwi, wanavunjwa.

Huenda ukauliza, "Mambo ya watoto wadogo yanatuhusu nini sisi wa sekondari?" Yanatuhusu sana. Shule yetu ni ya kutwa. Kengele ya jioni ikilia hatuendi bwenini, twaenda stejini. Wengine wetu hushuka Juja, wengine Kimbo, wengine Ruiru mjini, na wengine huelekea Makongeni. Tunapofika nyumbani, wazazi wengi bado hawajarudi. Walitoka alfajiri kwenda mashambani kwenye kahawa na mananasi, viwandani Thika au maofisini Nairobi. Barabara kuu ya Thika ilipanuliwa na kufunguliwa mwaka 2012, lakini msongamano wa magari ya jioni bado ni ule ule. Basi mtoto wa PP2 akitoa daftari lake mkobani, nani atamsaidia homuweki? Ni wewe, kaka. Ni wewe, dada. Hata mwalimu wake ana watoto hamsini mbele yake, lakini wewe una mmoja tu.

JE, HATI BADO INA KAZI?

Kuna wenzetu wanaosema eti zama za penseli zimepita. Wanasema tangu serikali ilipoanza kupeleka tabuleti kwa watoto wa darasa la kwanza mwaka 2016, mtoto wa leo atabonyeza tu. Jibu langu ni fupi: KCSE huandikwa kwa mkono. Karatasi ya Insha ina alama 40, yaani insha mbili za alama 20 kila moja, nayo hufanywa kwa saa moja na dakika arobaini na tano. Msahihishaji hakujui, wala hajui ulivyo mchangamfu darasani. Ana karatasi yako tu. Neno asiloweza kulisoma hawezi kulipa alama, hata likiwa ni methali tamu kama asali ya Kitui.

Isitoshe, mkono humsaidia mtoto kusoma. Mwaka 2012 watafiti wawili wa Marekani, Karin James na Laura Engelhardt, walieleza walivyowachunguza watoto wa miaka kama mitano ambao walikuwa hawajajua kusoma. Watoto hao walijifunza herufi kwa njia tatu: kuziandika wenyewe bila kufuatisha, kufuatisha nukta zilizokwisha kuchorwa, na kubonyeza kibodi. Baadaye ubongo wao ulipigwa picha huku wakitazama herufi hizo. Sehemu za ubongo ambazo msomaji hutumia ziliamka zaidi kwa herufi ambazo mtoto aliziandika mwenyewe. Kumbe mkono ni mwalimu wa jicho!

Sisi wapenzi wa Kiswahili tuna sababu nyingine pia. Kabla ya mashine ya kuchapa kuenea pwani, tungo zetu zilihifadhiwa kwa mkono, tena kwa herufi za Kiarabu. Ndivyo tulivyoupata Utendi wa Tambuka, ulioandikwa Pate mwaka 1728. Na kule Lamu alikuwako Muhamadi Kijuma, aliyefariki mwaka 1945. Huyu alikuwa mshairi, fundi wa kuchonga mbao na mnakili hodari wa miswada, na baadhi ya miswada aliyowanakilia wataalamu wa Ulaya inatunzwa London hadi leo. Je, watu hawa wangalikuwa na hati kama ya kuku aliyepekua jaani, leo tungesoma nini?

MKONO WA MTOTO HAUJAKOMAA

Sasa tuingie katika jambo lenyewe. Kifundo cha mkono wa mtu mzima kina mifupa midogo minane. Mtoto anapozaliwa, yote minane ni gegedu tu, kitu laini kama ncha ya sikio. Mifupa hiyo hukomaa mmoja baada ya mwingine, na kazi hiyo huendelea hadi mtoto afike karibu miaka kumi na miwili. Kwa hivyo mkono unaoshika penseli PP1 si mkono wako uliopunguzwa ukubwa. Ni mkono ambao bado unajengwa.

Ndiyo maana kuna mambo ambayo mtoto huweza kwa umri wake. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu hushika kalamu kwa ngumi nzima, kama ashikavyo mwiko. Afikapo miaka mitatu hivi huweza kuiga duara. Akiwa na minne huweza kuiga msalaba, na akiwa na mitano pembetatu. Bila shaka watoto hutofautiana, lakini mpangilio ni huo. Sasa fikiria: mtoto ambaye hajaweza kuchora msalaba ataiandikaje herufi t? Na ambaye mistari ya mshazari bado inamshinda, atazifanya nini k na z?

Lakini wapi! Kuna nasari ambazo humpa mtoto wa miaka mitatu kurasa mbili za herufi kila jioni, ili mzazi aone karo yake inafanya kazi. Mtoto huandika kwa bega zima, huku ametoa ulimi nje na machozi yakimlengalenga. Kurasa zinajaa, mzazi anafurahi, na mtoto anajifunza jambo moja tu: kuichukia penseli.

MAZOEZI YASIYO NA PENSELI

Mkono hupata nguvu kwa kazi na kwa michezo, na bahati nzuri vyote viwili vimejaa nyumbani. Mpe mtoto minji aambue. Mpe mahindi makavu apukuchue. Mwache achambue mchele, akamue soksi zake mwenyewe, afunge vifungo vya shati lake hata kama mnachelewa kidogo. Siku ya chapati mpe donge lake la unga alifinyange, na kama ni siku ya mvua mpe udongo atengeneze ng'ombe.

Michezo nayo ni shule. Anayecheza bano hulisukuma kwa kidole gumba na cha shahada, na hivyo ni vidole vile vile vya penseli. Giuthi ya Wakikuyu, ambayo ni ndugu ya bao la pwani, humfanya mtoto achukue kete na kuziangusha moja moja shimoni bila kumwaga nyingine zilizo kiganjani. Hilo si jambo dogo hata kidogo. Kupanda miti na kutambaa pia hutia nguvu mabega, na bega likilegea mkono hutangatanga.

KUKAA NA KUSHIKA

Watoto wengi wa kwetu huandikia kwenye kochi, daftari likiwa juu ya goti. Hapo hata Kijuma mwenyewe angeharibu hati. Mtoto anahitaji kukaa miguu yake ikikanyaga kitu. Kama kiti ni kirefu, weka matofali mawili au kijisanduku chini ya nyayo zake. Meza iwe karibu na usawa wa kiwiko, na mkono usioandika ushike karatasi isitembee.

Penseli hushikwa kwa vidole vitatu: gumba na cha shahada vikiibana, cha kati kikiwa chini yake kama mto. Vidole viwili vilivyobaki hukunjwa kiganjani. Kama mtoto anasahau kuvikunja, mpe kijikaratasi kilichofinyangwa kama gololi avifumbatie hapo huku akiandika. Na usiharakishe kumnunulia penseli mpya ndefu. Kipande kifupi, kama urefu wa kidole chake, hakina nafasi ya kushikwa kwa ngumi. Chenyewe humlazimisha kutumia vidole. Ila mchongee kwa kichongeo, si kwa wembe, jamani.

Ukiona maandishi yake yamejichapa mpaka ukurasa wa tatu nyuma yake, jua anakandamiza mno. Mwambie aandike kama anayetembea penye mtoto aliyelala.

HERUFI ZINA UKOO

Kiswahili huandikwa kwa herufi 24, maana q na x hatuna haja nazo. Katika kusoma sote tulianza na irabu: a, e, i, o, u. Kwa jicho na kwa ulimi mpango huo ni mzuri. Mkono, hata hivyo, haujali irabu wala konsonanti. Mkono unajua miendo tu. Herufi zenye mwendo mmoja ni za ukoo mmoja, na zikifundishwa pamoja mtoto hushika upesi.

1. Ukoo wa fimbo: l, i, t, u, j. Zote huanza juu na kushuka. Maneno ya kufanyia zoezi ni kama tui na jiti.

2. Ukoo wa duara: c, o, a, d, g. Zote huanza karibu na pale penye namba 1 katika uso wa saa, zikaelekea kushoto, zikashuka na kuzunguka. Maneno: dodo, gogo, dada, oga.

3. Ukoo wa daraja: r, n, m, h, b, p. Mkono hushuka, hupanda juu ya mstari ule ule, kisha hupinda kama daraja la mto Chania. Maneno: nuru, babu, humu.

4. Ukoo wa mshazari: k, v, w, y, z. Hizi zina mistari iliyolala upande, kwa hivyo ni ngumu na zingoje nyuma.

Zinabaki e, s na f ambazo kila moja ina tabia yake, nazo zifundishwe peke yake.

Faida ya koo hizi utaiona kwenye b na d. Watoto wengi huzigeuza, na hadi miaka saba hivi si jambo la kutia hofu. Lakini katika Kiswahili kosa hilo lina kichekesho chake, kwa kuwa baba hugeuka kuwa dada! Mtoto aliyefundishwa kwa mwendo ana dawa yake: b ni ya daraja, huanza na mstari, d ni ya duara, huanza na duara. Mkono ukikumbuka mwanzo, mwisho hujileta.

Na hapa ndipo penye kiini cha makala haya: tazama mkono, usitazame ukurasa. Mtoto anaweza kuandika o kwa kuzungusha upande usiofaa, na ukurasani o hiyo ikapendeza kabisa. Mwalimu akisahihisha usiku ataweka alama ya vema. Taabu huja baadaye, gredi ya tatu au ya nne, mtoto anapotakiwa kuandika haraka na kuunganisha herufi. Hapo a, d na g humvunjikia mikononi, na watu wanasema amekuwa mvivu. Hakuwa mvivu. Hakuna aliyekaa kando yake alipokuwa akijifunza. Mwalimu wa watoto hamsini hawezi kutazama mikono hamsini kwa wakati mmoja. Wewe waweza kutazama mmoja.

MKONO WA KUSHOTO SI DHAMBI

Duniani karibu mtu mmoja katika kila kumi hutumia mkono wa kushoto. Katika darasa la watoto hamsini, tarajia kama watano hivi. Hao ndio wanaovunjwa zaidi.

Mdogo wangu wa miaka mitano ni mmoja wao. Katika nasari yake ya kwanza alifungwa mkono wa kushoto kwa leso ili aandike kwa wa kulia. Kwa muhula mzima hakuandika kitu cha kusomeka. Aliacha hata kuchora magari ambayo alikuwa akiyachora kwa makaa ukutani tangu hajajua kusema vizuri. Daftari lake tulikuwa tukilipata chini ya godoro. Kisha akaanza kugugumia maneno, na jirani mmoja akamwuliza mama kama mtoto ana akili timamu. Mama alimhamisha. Katika shule ya pili mwalimu alimkalisha mwisho wa dawati upande wa kushoto, akamwachia mkono wake. Leo anaandika jina lake lote, na ukuta wetu umerudi kuwa na magari.

Najua wazee wetu, wa bara na wa pwani, hufundisha kwamba kula, kupokea na kusalimia ni kwa mkono wa kulia. Hayo ni mambo ya adabu na mtoto aweza kufundishwa bila shida. Lakini kalamu haimsalimii mtu. Barack Obama, ambaye babake alitoka Kogelo, alikuwa rais wa Marekani kuanzia 2009 hadi 2017, na sheria za nchi ile alizitia sahihi kwa mkono wa kushoto. Tena Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 imekataza mwanafunzi kuadhibiwa kikatili, kimwili au kiakili. Kumfunga mtoto mkono kwa leso ni nini kama si hivyo?

Mtoto wa mkono wa kushoto anahitaji mambo matatu tu. Kwanza, karatasi yake ilazwe ncha ya juu ikielekea kulia, kinyume cha yetu sisi wa kulia. Pili, ashike penseli juu kidogo zaidi, ili vidole visifunike alichoandika. Tatu, akae kushoto mwa mwenzake, viwiko visigombane.

NDUGU ZETU WA THIKA

Hapa kwetu tuna shule mbili ambazo kila anayependa hati angefaa kuzijua. Moja ni shule ya vipofu ya Thika, iliyoanzishwa na Jeshi la Wokovu mwaka 1946. Huko mtoto huandika Braille, maandishi ya nundu sita yaliyobuniwa na Mfaransa Louis Braille katika karne ya kumi na tisa. Anayetumia kibao na kichomeo huandika kutoka kulia kwenda kushoto, kwa kuwa nundu hutokeza upande wa pili wa karatasi, ndipo akaigeuza na kuisoma kutoka kushoto. Shule ya pili ni Joytown, ya watoto wenye ulemavu wa viungo.

Shule hizi zinatufundisha kwamba kuandika ni kumfikishia mwenzako neno, na njia si moja. Kwa hivyo, ikiwa mtoto wenu amefika gredi ya pili na bado huinamia daftari hadi pua kuligusa, au mkono wake hutetemeka na kumwuma kila akiandika, msimwite mzembe. Apelekwe hospitalini apimwe macho na viungo. Wenye mahitaji maalum hupewa hata muda zaidi katika mitihani ya taifa. Haki hiyo haiji kwa anayefichwa nyumbani.

ROBO SAA TU

Basi utafanya nini jioni ya leo? Robo saa yatosha.

Dakika tano za kwanza ni za vidole: minji, vifungo au bano. Dakika tano za pili ni za ukoo mmoja wa herufi, tena si daftarini. Zamani katika vyuo vya Kurani vya pwani mtoto aliandika juu ya ubao kwa wino, akisha kuhifadhi akauosha, akaanza upya. Kosa liliondoka na maji. Nasi tuige: chukua kipande cha mbao ukipake rangi nyeusi, mpe chaki na kitambaa chenye maji. Hata sinia la mchanga laweza. (Unga hapana, bei mnaijua.) Mtoto akiona kosa hufutika, haogopi kujaribu. Dakika tano za mwisho ndizo za daftari, mstari mmoja au miwili tu. Akimaliza, usichukue kalamu nyekundu. Mwambie, "Nionyeshe herufi yako iliyo nzuri kuliko zote," naye aizungushie duara. Kesho atataka kuishinda hiyo. Ukiona amechoka, acha. Haba na haba hujaza kibaba.

Herufi za kuunganisha zisikimbiliwe. Zije baada ya hizi za kawaida kusimama imara.

Mwisho, nina ombi kwa chama chetu na kwa walimu walezi. Mabaki ya mbao hayakosekani kwa mafundi wa Thika na Ruiru, na rangi nyeusi mkebe mmoja hupaka vibao vingi. Muhula ujao tutenge alasiri moja tutengeneze vibao vya kuandikia, kila mwanachama abebe kimoja nyumbani kwa mdogo wake au wa jirani. Tunapenda kusema kwamba chama hiki kipo ili kukuza lugha. Lugha inakuzwa pia na yule mtoto wa miaka mitano aliyeketi jikoni, akijaribu kwa mara ya kwanza kuandika neno mama.

Chanda chema huvikwa pete. Tuvitunze vyanda hivyo vingali vidogo, nasi tusimame kando tukitazama mkono. Kwaherini.